Somo la wiki: Dumu la maji ni bei gani?

Jumamosi iliyopita mmoja wenu aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini maskini hawanunui maji ya bei rahisi?" Ni swali zuri, na jibu lake linakera: wao ndio wanaonunua ya bei ghali.

Nilikulia Mbagala, Dar es Salaam. Nyumbani hatukuwa na bomba. Muuza maji alipita na mkokoteni wa madumu ya lita 20, na mama alichagua: maji ya chumvi ya kufulia, maji baridi ya kunywa na kupikia. (Hapa "baridi" si ya friji, ni maji yasiyo na chumvi. Andikeni daftarini.)

Tupige hesabu. Bili ya bomba huhesabiwa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Tuseme uniti ni shilingi 2,000, na dumu la mkokoteni ni shilingi 200. Mwenye bomba analipa 2,000. Asiye na bomba, kwa maji kiasi kilekile, analipa 10,000. Mara tano!

Muuza maji msimlaumu haraka. Naye ameyanunua, amepanga foleni, amesukuma mkokoteni juani. Jasho hilo ndilo tunalolilipia. Bomba lingefanya kazi hiyo kwa bei ndogo, lakini kuvuta bomba kunataka pesa nyingi kwa mkupuo, na mpangaji atavutaje bomba kwenye nyumba isiyo yake? Basi serikali ikishusha bei ya uniti, anayefaidika ni yule ambaye bomba analo tayari. Mimi naona heri ruzuku iwasaidie watu kuunganishiwa.

Choo nacho kina hesabu yake. Shimo likijaa, gari la majitaka hulipiwa na mwenye nyumba. Asipolipa, mvua ikinyesha uchafu unafika kisimani kwa jirani. Kazini nimewatundikia dripu watoto wenye kipindupindu. Mtoto hakuchagua kisima.

Kazi ya nyumbani: waombeni wazazi bili ya maji ya huku, mtafute bei ya lita 20. Kisha mpigieni bibi au shangazi simu, mwamkieni kwanza, mumuulize dumu ni bei gani mtaani kwake. Na tunasema "maji yamekatika". Atakayeniandikia "maji imekatika" atakutana na kalamu nyekundu.