Kuhesabu maneno ya Goma kwa terminali: ng'ombe, batu na walimu

Mwanafunzi wa isimu anayerudi kutoka uwandani hapa Goma huwa na sauti kwenye simu, faili za unukuzi kwenye kompyuta, na swali moja: umbo hili linatokea mara ngapi? Kufungua faili moja moja na kuhesabu kwa macho kunachosha, na aliyechoka hukosea. Mkusanyo wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Helsinki ni hazina kubwa, lakini umejengwa juu ya Kiswahili sanifu. Anayechunguza "batu banasema" lazima ajijengee mkusanyo wake mwenyewe.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuuhesabu kwa mstari wa amri wa Unix. Kazi hii haihitaji intaneti wala kompyuta mpya, na betri ikiwa na chaji hata umeme ukikatika inaendelea. Yanaeleza pia pale ambapo hesabu inaweza kutudanganya, kwa sababu amri zilizozoeleka hazikutungwa kwa ajili ya lugha yetu.

1. Bomba la McIlroy

Linux na Mac zina terminali tayari. Kwenye Windows tunaweza kutumia WSL, na kwenye simu ya Android, Termux. Faili ziwe matini tupu, yaani .txt katika UTF-8, si .docx.

Programu za Unix ni ndogo, kila moja ina kazi yake. Alama | ni bomba: linachukua matokeo ya programu ya kwanza na kuyamimina katika ya pili. Wazo hilo lilitoka kwa Doug McIlroy wa Bell Labs, na mabomba yaliingia katika Unix mwaka 1973. Mwaka 1986, katika jarida la Communications of the ACM, McIlroy alionyesha kwamba kuhesabu maneno ya matini kunahitaji amri sita tu. Kiini chake ni hiki:

tr -cs 'A-Za-z' '\n' < soko.txt | tr 'A-Z' 'a-z' | sort | uniq -c | sort -rn

Amri ya kwanza hugeuza kila kisicho herufi kuwa mstari mpya, hivyo kila neno hukaa peke yake. Ya pili hushusha herufi kubwa. Sort hupanga, kisha uniq -c huhesabu mistari inayofanana. Uniq huona mistari iliyo jirani tu, ndiyo maana lazima sort itangulie. Sort ya mwisho huweka neno lenye idadi kubwa juu.

2. Ng'ombe aliyekatwa vipande

Tuipe amri hiyo sentensi mbili:

Batu ba ku marché banasema ng'ombe iko na bei.
Batu bengi banauza nyama ya ng’ombe Birere.

Msomaji akihesabu kwa kidole atapata maneno 16. Amri inatoa 18. Katika orodha yake hakuna ng'ombe hata mmoja. Kuna "ng" mara mbili na "ombe" mara mbili. "Marché" nayo imekuwa "march". Kwa amri hii, herufi ni A hadi Z basi. Apostrofi ya king'ong'o chetu ni takataka, na é ya Kifaransa pia.

Kuna tatizo la pili lisiloonekana kwa haraka. Apostrofi ya sentensi ya kwanza imenyooka, ya pili imepinda, kama Word inavyopenda kuandika. Kwa jicho letu ni neno moja. Kwa kompyuta ni mawili. Basi tunabadilisha bomba:

cat soko.txt | sed "s/’/'/g" | tr 'A-Z' 'a-z' | grep -oE "[[:alpha:]]+('[[:alpha:]]+)*" > maneno.txt

Sed inaunganisha apostrofi mbili kuwa moja. Grep -o inatoa kila neno kwenye mstari wake, na neno hapa ni herufi zozote, pamoja na é, zinazoweza kuunganishwa na apostrofi katikati. Kisha:

sort maneno.txt | uniq -c | sort -rn

Sasa tunapata maneno 16, ambayo 14 ni tofauti: "batu" mara mbili, "ng'ombe" mara mbili, mengine mara moja moja. Angalizo: kwa kanuni hii "l'école" itahesabiwa kuwa neno moja. Ni sawa au si sawa? Kompyuta haiwezi kujibu. Mtafiti aamue, kisha aandike uamuzi wake katika sura ya mbinu.

3. Walimu si kitenzi

Swali langu mwenyewe lilikuwa la viambishi nafsi: wasemaji wanatumia ba- au wa- zaidi? Niliandika:

grep -E "^wa(na|li|ta)" maneno.txt | wc -l

Kisha nikaweka ba- mahali pa wa-. Hesabu ilionyesha kwamba wa- inashinda, nami nikaanza kuandika aya kuhusu nguvu ya Kiswahili cha shule. Kabla ya kuipeleka kwa msimamizi, niliondoa wc -l na kutazama orodha yenyewe:

grep -E "^wa(na|li|ta)" maneno.txt | sort | uniq -c | sort -rn | less

Juu kabisa walikaa wanafunzi, walimu, wanawake, na hata "watatu". Mahojiano yangu yalihusu shule! Nilikuwa nimehesabu nomino na namba nikiziita vitenzi. Upande wa pili nao una mitego yake: "banamuke", "batatu", na kiunganishi "bali".

Dawa ni kuandika maneno hayo, moja kwa kila mstari, katika faili sivitenzi.txt na kuyaondoa:

grep -E "^wa(na|li|ta)" maneno.txt | grep -vxF -f sivitenzi.txt | wc -l

Faili hiyo iwekwe katika viambatisho vya tasnifu, ili msomaji aweze kuikosoa.

4. Rudi kwenye sauti

Baada ya kusafisha, swali moja lilibaki. Maumbo ya wa- yaliyosalia, msemaji aliyatamka, au ni mimi niliyeyaandika? Grep inaweza kutupeleka mahali penyewe:

grep -nw "watu" mahojiano/*.txt

Inatoa jina la faili na namba ya mstari. Kama kila mstari wa unukuzi unaanza na dakika ya rekodi, tunaweza kusikiliza upya. Nilisikiliza, na zaidi ya mara moja nilisikia "batu" pale nilipoandika "watu". Miaka ya shule ilikuwa imenizoeza kusahihisha, na mkono wangu ulisahihisha bila kuniuliza. Hilo si kosa la kompyuta. Yenyewe huhesabu kilichoandikwa, kilichosemwa haikisikii.

Vivyo hivyo kwa maana. Grep itapata kila "banauza", lakini haitajua kwamba katika Kiswahili chetu kuuza mara nyingi ni kununua, na kuuzisha ndiko kutoa bidhaa kwa pesa.

Mambo matatu ya kukumbuka

Kwanza, nakili folda nzima kwa cp -r kabla ya kuanza. Usiandike kamwe sort a.txt > a.txt, kwa sababu terminali huifuta faili kabla sort haijaisoma. Pili, grep -c huhesabu mistari, si matukio. Neno likitokea mara tatu katika mstari mmoja, itasema moja. Tatu, usipeleke namba yoyote kwa msimamizi kabla ya kusoma orodha iliyoizaa.

Mara nyingi Kiswahili cha Goma kinaelezwa kwa neno moja: kimeharibika. Anayetaka kujibu kwa ushahidi atahitaji hesabu. Lakini hesabu inayomkata ng'ombe vipande na kuwafanya walimu kuwa vitenzi haitamtetea msemaji yeyote.