Moto Ndani ya Meli

Nyumba ya kijijini ikishika moto, watu hukimbia na ndoo. Maji wanayoyamwaga hunywewa na udongo, na habari yake inakwisha. Meli sivyo. Maji yakimwagwa kwa wingi ndani ya meli hubaki humo humo. Kwa hiyo wazima moto wa mji wenye bandari wana kazi mbili: kuuzima moto, na kuilinda meli isipinduke kwa maji yao wenyewe.

Meli iliyolala ubavu

Normandie ilikuwa meli ya Wafaransa, na urefu wake ulipita mita 300. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilikuwa imefungwa gatini katika bandari ya New York, Marekani. Wamarekani waliichukua, wakaanza kuigeuza iwe meli ya kuchukua askari.

Tarehe 9 Februari 1942 mafundi walikuwa wakikata nguzo ya chuma kwa moto mkali. Cheche zikaruka, zikaangukia lundo la makoti ya kuelea yaliyojazwa sufi. Moto ukaenea upesi.

Mitambo ya meli ya kuzimia moto ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kazi ile. Wazima moto wa mji walikuja, lakini mipira yao haikuingia katika mabomba ya meli, kwa sababu vipimo vya Wafaransa vilikuwa vingine. Basi wakamwaga maji kutoka gatini, na mashua za kuzimia moto zikamwaga kutoka mtoni.

Moto ulishindwa. Lakini maji mengi yalikuwa yamejaa katika sakafu za juu, na meli ikaanza kuinama. Mhandisi aliyeichora, Vladimir Yourkevitch, alifika akatoa shauri: maji ya mto yaingizwe chini kabisa, ili meli ikae wima juu ya matope. Wakubwa hawakumsikiliza. Usiku ule, kabla ya mapambazuko ya tarehe 10, meli ikalala ubavu. Haikusafiri tena, mwaka 1946 iliuzwa kuwa chuma chakavu.

Kwa nini ilianguka?

Fikirini mtumbwi katika mto Lowa, kule Walikale. Mtu akiketi chini, mtumbwi umetulia. Akisimama, unayumba. Uzito wa juu huangusha, uzito wa chini hutuliza. Tena maji hayakai mahali pamoja kama jiwe. Chombo kikiinama kidogo, maji hukimbilia upande ule ule na kuuongezea uzito.

Kazi ya wazima moto bandarini

1. Huanza kwa kumwuliza nahodha. Wao wanajua moto, yeye anajua meli. Meli kubwa za baharini huweka ramani yake nje, katika kasha lisiloingia maji, tayari kwa wazima moto wa mji.
2. Huunga mipira yao na mabomba ya meli. Siku hizi meli hizo huwa na kiungo cha chuma cha kipimo kimoja kwa dunia nzima.
3. Hufunga milango na matundu ya hewa, maana moto bila hewa hufa.
4. Hupoza kuta za chuma kwa nje. Chuma hupitisha joto kama sufuria, na chumba cha pili chaweza kuwaka.
5. Mafuta yakiwaka, hutumia povu. Mafuta huelea juu ya maji, na maji yangeyasambaza.
6. Hutazama kama meli inainama, na huyatoa maji kwa pampu.

Na sisi je?

Maji ya Lowa huingia Lualaba, na Lualaba, baada ya Kisangani, huitwa mto Kongo. Katika mto huo, karibu na Mbandaka, mwezi wa Aprili 2025, chombo kikubwa cha mbao chenye mota, HB Kongolo, kiliwaka moto safarini. Moto ulianza mahali pa kupikia. Wengi waliruka majini nao hawajui kuogelea. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Katikati ya mto au ya ziwa Kivu, wazima moto wa mji hawafiki upesi. Hapo wazima moto ni watu wa chomboni. Basi ukisafiri, vaa koti la kuelea kabla chombo hakijaondoka. Ukiona jiko limewashwa karibu na mafuta, usinyamaze: mwambie mzazi wako au nahodha mara moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maneno

Gati: mahali meli inapofungwa ili watu na mizigo washuke.
Sufi: nyuzi nyepesi kama pamba, zitokazo katika matunda ya msufi.
Nahodha: mkubwa wa chombo.

Maswali

1. Kwa nini mipira ya wazima moto haikuingia katika mabomba ya Normandie?
2. Yourkevitch alitoa shauri gani? Eleza kwa mfano wa mtumbwi kwa nini lilikuwa jema.
3. Kwa nini mafuta yanayowaka hayazimwi kwa maji?
4. Andika mambo matatu ya kutazama kabla ya kupanda mashua.