SOMO: VIWANGO VYA MITANDAO YA SIMU NA FEDHA ZA CHAMA

Shabaha ya somo

Somo hili limekusudiwa makatibu, wajumbe wa Bodi na wanachama wa vyama vya msingi. Baada ya kulisoma na kulijadili, msomaji aweze:
(a) kueleza maana ya kiwango cha mawasiliano;
(b) kueleza kwa nini baadhi ya viwango vilienea na vingine vikatoweka;
(c) kukishauri chama chake kabla hakijanunua chombo chochote cha intaneti.

1. Jambo hili linahusuje ushirika?

Zamani ofisi ya chama iliweza kwenda kwa daftari, mhuri na kabati lenye kufuli. Vitu hivyo vingali vinahitajika, lakini havitoshi tena. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uitwao MUVU kwa kifupi, na taarifa za vyama hupitia humo. Tena wanachama wengi hulipa akiba na marejesho ya mikopo kwa simu.

Chukuliwa mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye ofisi Mbezi Luis, karibu na Stendi Kuu ya Magufuli iliyofunguliwa Februari 2021. Wanachama wake ni madereva, makondakta, mama lishe na wenye maduka. Dereva aliyelala Dodoma hutuma marejesho yake usiku, naye katibu hana budi kuyaona na kuyaandika asubuhi. Intaneti ya ofisi ikikatika, vitabu hubaki nyuma. Na vitabu vikibaki nyuma, wanachama huanza kunong'ona. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa sababu hiyo vyama hununua modemu, ruta na mikataba ya intaneti. Fedha inayotumika ni ya wanachama, nayo inaweza kupotea iwapo chombo kilichonunuliwa ni cha mfumo unaokaribia kufa.

2. Maana ya kiwango

Mwanaushirika hahitaji kwenda mbali kuelewa neno hili. Kilo ya mzani wa chama hupaswa kuwa sawa na kilo ya mzani wa mnunuzi. Mahali ambapo kipimo hakiheshimiwi huzuka lumbesa, na anayeumia ni mkulima. Kipimo kina nguvu kwa sababu watu wengi wamekubaliana kukitumia.

Mawasiliano ya simu yako vivyo hivyo. Simu na mnara huzungumza kwa mawimbi ya redio. Ili zielewane, hapana budi yawepo mapatano kuhusu masafa ya kutumia, namna ya kugawana nafasi hewani, na namna ya kumtambua mteja. Mapatano hayo ndiyo yaitwayo kiwango. Chombo kilichotengenezwa kwa kiwango kimoja tu hakiwezi kuzungumza na mnara wa kiwango kingine, hata kama mnara huo umesimama nyuma ya ofisi.

3. Mashindano ya kwanza: GSM na CDMA

Kiwango cha GSM kilizaliwa Ulaya, ambako huduma zake zilianza mwaka 1991. Katika mfumo huu watumiaji hupokezana nafasi kwa zamu fupi mno, na laini ni kadi inayoweza kuhamishwa kutoka simu moja hadi nyingine. CDMA ilikuzwa zaidi na kampuni ya Qualcomm ya Marekani. Huko watumiaji wengi husema kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale, ila kila mmoja hupewa alama yake ya siri, kama vile watu katika chumba kimoja wanaozungumza kila wawili kwa lugha yao.

Nchini Tanzania, Vodacom ilianza mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, zote kwa GSM. Kampuni ya simu ya taifa, TTCL, ilitumia CDMA kupeleka simu na intaneti isiyo ya waya. Zantel nayo ilikuwa na huduma ya intaneti ya CDMA, na mwaka 2009 Sasatel iliingia sokoni Dar es Salaam kwa mfumo huohuo.

Haifai kudhani kwamba CDMA ilikuwa mfumo duni. Kwa miaka kadhaa modemu zake ziliweza kuwa na kasi kuliko intaneti ya GSM ya wakati huo. Udhaifu wake ulikuwa sokoni. Simu za GSM ziliuzwa kila duka, mpya na zilizotumika, na laini yake ilihamishika. Mwenye chombo cha CDMA alitegemea mtandao mmoja au miwili, na vyombo vyake vilikuwa adimu. Sasatel ilitoweka sokoni, na TTCL ikaingia katika kizazi cha nne mwaka 2015 kwa kiwango kingine. Modemu za CDMA zilizobaki katika makabati ya ofisi zikawa hazina kazi, ijapokuwa hazikuharibika.

4. Mashindano ya pili: WiMAX na LTE

Karibu na mwaka 2006 dunia ilianza kutafuta kizazi cha nne cha mitandao. Washindani wakuu walikuwa wawili. WiMAX iliungwa mkono hasa na watengenezaji wa kompyuta, wakiongozwa na Intel, na ilitangulia kuwa tayari. Mwaka 2006 kampuni ya Sprint ya Marekani ilitangaza kuichagua, na Oktoba 2007 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliitambua rasmi. LTE ilitoka katika jamaa ya GSM; maelezo yake ya kwanza yalikamilika mwishoni mwa 2008, na huduma ya kwanza ya biashara ilifunguliwa Stockholm na Oslo Desemba 2009.

Kiufundi mifumo hii ilikaribiana mno. Yote miwili hugawa masafa katika vijia vingi vyembamba, na mzigo wa taarifa hupitishwa kidogo kidogo katika vijia hivyo kwa pamoja. Basi kilichoamua ni nini? Kampuni nyingi za simu duniani zilikwisha kuwa na minara, mafundi na wateja wa GSM, na LTE iliwawezesha kuendelea bila kuanza upya. Hata Verizon ya Marekani, iliyokuwa mtumiaji mkubwa wa CDMA, iliichagua LTE mwaka 2007. Mwaka uliofuata Qualcomm yenyewe iliacha kuendeleza kiwango chake cha tatu kilichoitwa UMB. Watengenezaji wa vyombo wakafuata walipo wateja, bei za vyombo vya LTE zikashuka, na WiMAX ikabaki peke yake. Sprint iliizima mwanzoni mwa 2016.

Afrika Mashariki nayo iliyaona mabadiliko hayo. WiMAX ilitumika kuunganisha ofisi katika miji kadhaa. Kisha mwaka 2012 Smile ilizindua LTE Dar es Salaam, ikafuatiwa mwaka 2015 na Tigo, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 hujulikana kwa jina la Yas.

Funzo hapa ni moja, nalo si geni kwa wanaushirika. Kiwango hushinda kwa wingi wa wanaokishiriki kuliko kwa kutangulia au kwa kasi peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

5. Kizazi cha tano

Vodacom ilizindua kizazi cha tano Dar es Salaam Septemba 2022, na mwezi uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano ilinadi masafa zaidi kwa makampuni. Safari hii dunia imekubaliana kwa sehemu kubwa juu ya kiwango kimoja. Hata hivyo katibu asilale, kwa maana tofauti imehamia kwenye masafa.

Masafa ya chini, kama megahezi 700 au 800, husafiri mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama megahezi 3500, hubeba mzigo mkubwa lakini hufika karibu, na huzuiwa kwa urahisi na kuta na miinuko. Katika maeneo ya vilima na mabonde kama Mbezi, ofisi mbili zinazotazamana zinaweza kupata huduma tofauti kabisa. Kadhalika chombo kilichotengenezwa kwa soko la nchi nyingine kinaweza kukosa masafa yanayotumika Tanzania, ijapokuwa kimeandikwa 5G kwa herufi kubwa.

6. Hesabu ya mfano

Chama A kinanunua chombo kinachokubali mtandao mmoja tu kwa sh. 900,000. Chama B kinanunua ruta inayokubali laini ya kampuni yoyote kwa sh. 1,200,000. Vyote vinatarajiwa kudumu miaka 3. Baada ya mwaka mmoja na nusu, mtandao wa chama A unafungwa, nacho kinalazimika kununua ruta kama ya chama B.

Gharama ya chama A kwa miaka 3: sh. 900,000 za chombo cha kwanza, na nusu ya bei ya ruta, yaani sh. 600,000. Jumla sh. 1,500,000.
Gharama ya chama B: sh. 1,200,000.

Unafuu wa sh. 300,000 uliowafurahisha wajumbe siku ya manunuzi umegeuka kuwa hasara ya sh. 300,000, bila kuhesabu siku ambazo ofisi ilikaa bila mawasiliano.

7. Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

(a) Chombo kikubali laini za makampuni yote. Muuzaji akionyeshe kwa kubadilisha laini mbele ya wajumbe.
(b) Chombo kiweze kurudi kwenye kizazi cha nne pale ambapo cha tano hakifiki.
(c) Huduma ijaribiwe ndani ya ofisi yenyewe, asubuhi na jioni, kwa laini za makampuni angalau mawili.
(d) Mkataba usizidi mwaka mmoja, na ueleze nini kitatokea huduma ikisitishwa.
(e) Gharama iwemo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na chombo kiandikwe katika daftari la mali pamoja na uchakavu wake.
(f) Chama kisinunue kitu kwa kuwa ni kipya tu. Kazi ya ofisi ya kawaida, yaani taarifa, barua na hesabu, hutoshelezwa na kizazi cha nne kilicho imara.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, vyombo vya mawasiliano vya chama chenu vinakubali laini za makampuni mangapi?
2. Mtandao mnaoutumia ukifungwa kesho, ofisi itafanya kazi kwa njia gani, na kwa gharama gani?
3. Vyama jirani vikikubaliana kununua vyombo vya aina moja kwa pamoja, vitapata faida gani katika bei, matengenezo na mafunzo? Kuna hatari gani?
4. Rudieni hesabu ya sehemu ya 6 mkichukulia kwamba mtandao wa chama A umefungwa baada ya mwaka mmoja.