Chakula Kipo, Binti Hali

Sote tunaijua njaa ya kukosa chakula. Mwezi huu tuangalie ugonjwa ambao chakula kipo mezani, mgonjwa ana njaa, lakini hali.

Unaitwa anoreksia. Daktari Charles Lasègue wa Paris na William Gull wa London waliueleza, kila mmoja kwa upande wake, mwaka 1873, kabla ya televisheni. Basi tusiseme haraka kwamba ni ulimbwende wa siku hizi. Mgonjwa, mara nyingi msichana anayepevuka, ingawa wavulana pia huupata, huogopa mno kunenepa. Hata akibaki mifupa hujiona mnene. Huona baridi wakati wenzake wanatoka jasho, na hedhi yaweza kukatika.

Ndugu yake ni bulimia. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa mkupuo, bila kuweza kujizuia, kisha hujitapisha kwa siri au hunywa dawa za kuharisha. Huyu mara nyingi hakondi, ndiyo maana mzazi hagundui. Diana, Binti Mfalme wa Wales, alieleza mwenyewe kwenye televisheni mwaka 1995 kwamba aliugua hivyo kwa miaka kadhaa. Kutapika huharibu meno, na hupunguza potasiamu, madini yanayoongoza mapigo ya moyo. Ikipungua sana, moyo waweza kusimama ghafla.

Kugombeza hakusaidii, wala kuzunguka kwa waganga. Mpelekeni hospitali. Kukonda kuna sababu nyingi: kifua kikuu, UKIMWI, kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo. Daktari atapima uzito, mapigo ya moyo na damu. Anayezimia apelekwe siku hiyo hiyo. Na aliyekonda sana msimshindilie chakula nyumbani! Baada ya njaa ndefu, chakula kingi cha ghafla hushusha fosfati katika damu, na chaweza kumwua. Aanze kulishwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.

Kisha ombeni kupelekwa kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa au ya rufaa. Msione haya; si kwamba mtoto ana wazimu. Kwa bulimia hutumika mazungumzo ya kubadili mawazo na mazoea, pengine na dawa ya fluoksetini. Kwa kijana mwenye anoreksia ipo njia iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London: wazazi wenyewe, wakiongozwa na mtaalamu, husimamia kila mlo. Mama au baba hukaa naye mpaka sahani iishe, bila matusi, bila kubembeleza kwa zawadi. Ni kazi ya miezi mingi, na inachosha, pokezaneni.

Jambo moja kuhusu Kwaresima. Sheria ya mfungo huwahusu wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa hafungwi nayo. Mwelezeni padre mapema, maana binti aweza kuuficha ugonjwa wake nyuma ya mfungo, na parokia nzima ikamsifu kwa uchaji.