Bezi Lina Wenyewe: Kuhudumia Familia za Mitaani River Road

Jumapili jioni, maduka mengi ya River Road jijini Nairobi yakishateremsha milango ya chuma, vibaraza hubadilisha wenyewe. Mchana ni mahali pa muuza chaja na vifuniko vya simu. Usiku ni kitanda. Anayelala pale huwa ameshaelewana na soja, yaani mlinzi wa usiku: atafagia alfajiri kabla mwenye duka hajafika, na akisikia mtu akichokora kufuli atapiga kelele. Hakuna aliyeyaandika makubaliano hayo, lakini kikundi cha kanisa kinachotaka kwenda kule kinapaswa kuyafahamu kabla ya kununua hata mkate mmoja.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Si watoto wanaonusa gundi peke yao. Wamo akina mama wenye wachanga mgongoni, wazee wanaosukuma mikokoteni ya chuma chakavu, na vijana waliozaliwa mitaani na wazazi ambao nao walikulia huko. Wanaishi kwa mabezi, yaani makundi yenye maskani yake: wengine ukingoni mwa Mto Nairobi nyuma ya Kirinyaga Road, wengine upande wa mzunguko wa Globe, wengine kwenye vichochoro vinavyotokea Racecourse Road. Kila bezi lina mkubwa wake, sheria zake na mipaka yake. Kwa kifupi, lina serikali.

Serikali hiyo ndiyo wageni wengi huipita. Kila Desemba utawaona waumini wa Kangemi, Kawangware au Lavington wakishuka Waiyaki Way na pikapu iliyojaa mikate. Pikapu ikisimama tu, wenye misuli wanaruka juu yake, mama mwenye mtoto anabaki pembeni, na dakika kumi baadaye kuna mtu ana mikate sita na mwingine ana mkwaruzo. Nimewahi kuona mkate wa sadaka ukiuzwa kona ya pili kabla pikapu haijageuza. Wageni hurudi nyumbani wakisema watu wale hawana nidhamu, ilhali wao ndio walioingia bila kubisha hodi.

Kikundi chetu cha kanisa huanza na watu wawili, siku ya kazi, mikono mitupu. Wanamwuliza soja ni nani mkubwa wa pale, kisha wanamsalimia huyo kabla ya mwingine yeyote. Mzee huitwa mzee, mwanamke mwenye watoto huitwa mathe. Wageni wote, hata fundi wa mabomba, huitwa pasta. Hakuna haja ya kubishana. Maswali ni machache: mko wangapi, nani mgonjwa, na nani mwingine huleta chakula na siku gani. Hilo la mwisho huokoa sufuria nzima. Mwezi wa Ramadhani, kwa mfano, Msikiti wa Jamia hufuturisha umati kila magharibi, na si mbali na River Road kwa miguu. Hakuna maana ya kupeleka githeri saa ileile.

Githeri yenyewe ndiyo chaguo bora: haimwagiki, inashibisha, na kilo moja ya mahindi na maharagwe makavu hutoa sahani kama sita za mtu mwenye njaa. Lakini chai ya maziwa yenye sukari hutangulia. Anayenusa gundi au mafuta ya ndege hufanya hivyo ili asisikie njaa wala baridi, hivyo mara nyingi tumbo lake halitaki chakula mpaka kitu cha moto kimelifungua. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, suluhisho letu ni sahani na vikombe vya bati vinavyooshwa na kurudi nyumbani. Mtungi wa lita 20 wenye mfereji na kipande cha sabuni huwekwa mwanzo wa foleni. Foleni hupangwa na mkubwa wa bezi, na ni yeye anayejua nani ameshakula.

Watu huketi wakila. Wakenya waliowahi kusafiri kwa barabara ya Mombasa wanaijua gurdwara ya Makindu, iliyojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote hupewa sahani na mahali pa kukaa bila kuulizwa dini yake. Hubiri la dakika arobaini kabla ya chai ni kinyume cha hayo, na kwa maoni yangu ni kumtoza mtu kiingilio.

Kuhusu nguo: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi kali ni ya Juni hadi Agosti, si ya Krismasi. Blanketi halina pa kuwekwa mchana. Jaketi huvaliwa.

Lakini chakula na nguo si mwisho wa kazi. Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la White Fathers, aliwaona vijana waliojipatia senti kwa kuelekeza magari kwenye maegesho ya mjini, na mwaka 1973 akaanzisha Undugu Society. Shirika hilo halikuishia kwenye chakula, bali liliwapa watoto masomo ya msingi yaliyofupishwa pamoja na ufundi. Serikali nayo iliunda mfuko wa kurekebisha familia za mitaani mwaka 2003, na baadhi ya vijana wakapelekwa kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS).

Mtoto asichukuliwe kupelekwa nyumbani kwa muumini, hata kwa nia njema kiasi gani. Piga 116, simu ya bure ya watoto, au nenda kwa afisa wa watoto. Picha za nyuso zao hazipigwi.

Kidonda husafishwa, lakini kikinuka mgonjwa asindikizwe hadi zahanati; akienda peke yake mara nyingi huishia getini. Kazi ngumu kuliko zote ni kitambulisho. Bila hicho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, na kujisajili kwa bima ya afya ya SHA ni mtihani. Kwa kijana mmoja wa ukingo wa mto, safari ilianzia kwa chifu wa kijiji cha nyanya yake Murang'a, alikotoka akiwa mdogo. Nauli ya watu wawili ilimeza pesa za mahindi na maharagwe za wiki ile. Mkubwa wa bezi ndiye aliyewatangazia wenzake kwamba Jumapili hiyo ni chai tupu, na akaeleza kwa nini.