Somo: Onyo na Tishio



Hivi karibuni nilimkuta kijana wa jirani akichimba msingi kando ya mfereji wa maji ya mvua. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa maji yatakufuata ndani." Akanijibu kwa heshima kwamba hana kiwanja kingine. Nikaona hanisikii, nikaongeza, "Basi nitakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa!" Akaweka sururu chini. "Samahani Mwalimu, lakini usinitishe."

Jibu lile lilinirudisha chuoni. Kitenzi "onya" ni ndugu wa "ona", kama "ponya" alivyo ndugu wa "pona". Anayeponya humfanya mtu apone. Anayeonya humfanya mtu aone. Kutisha ni kutia hofu, hata kama hakuna cha kuonwa. Neno langu la kwanza lilikuwa onyo, kwa kuwa hatari ilikuwa ya maji. La pili lilikuwa tishio, kwa kuwa hatari ilikuwa mimi mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba kila neno kali ni tishio. Yona aliutangazia Ninawi siku arobaini. Yezebeli alimpa Eliya siku moja. Wote wawili walitaja muda na maangamizi. Lakini watu wa Ninawi walipotubu, mji ulisalimika. Eliya hakuachiwa neno la kufanya ila kukimbia. (Ajabu ni kwamba Yona alichukizwa onyo lake lilipofaa! Sisi walimu tunamjua mtu wa namna hiyo: hutamani mwanafunzi aanguke mtihani ili apate kusema, "Nilikwambia.")

Hapa kwetu jambo hili ni zito. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 katika Dar es Salaam, na baadhi ya waliokaa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Wengine walibaki. Desemba 2015 matingatinga yakaingia Kinondoni Mkwajuni, katika bonde la Msimbazi, na nyumba nyingi za bondeni zikapakwa alama ya X.

Je, X ile ilikuwa onyo au tishio? Mimi naona ilikuwa yote mawili, na hapo ndipo penye ugumu. Aliyesema bonde ni la hatari alisema kweli. Lakini mto hautumwi na mtu. Tingatinga lina dereva, na dereva ana aliyemtuma. Mama anayeamka na kuikuta X ukutani pake haonyeshwi maji, anaonyeshwa nguvu. Atauliza, "Nimewakosea nini?" Hataliuliza lile swali la maana, kwamba mvua ijayo maji yatafika wapi. Tena kama hana pa kwenda, hata onyo la kweli atalisikia kama tishio. Kijana wangu alikuwa amenieleza hilo hilo, nami sikumsikiliza.

Juzi nilirudi kwake. Sikumtaja mwenyekiti. Nilimwonyesha mstari wa tope uliobaki kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, juu ya goti langu. Akaupima kwa kiganja, kisha akauliza msingi usogezwe hatua ngapi. Hatujakubaliana bado.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Someni Ezekieli 33:1-9. Mlinzi asiyepiga tarumbeta ana hatia gani? Na yule anayeipiga ili aogopwe, je?