Mtoto wa Jicho Hutibika

Katika nyumba nyingi yupo babu au bibi akaaye barazani mchana kutwa, asiyeweza kwenda popote ila kwa kushikwa mkono na mjukuu, ambaye angalikuwa shuleni. Wenyeji husema, "Ni uzee tu." Nasi twawaambia wasomaji wetu: huenda ni mtoto wa jicho, nao uzee haukatazi kutibiwa.

Jina hili limewapotosha wengi. Wadhani ni kitu kilichoota juu ya jicho, kiwezacho kukwanguliwa. Sivyo. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi iliyo safi kama kioo, ipitishayo nuru. Miaka ikizidi, lenzi hiyo huingia ukungu. Kisukari, pigo la jicho na tumbaku huharakisha jambo hilo. Mtu huona kama atazamaye katika moshi, rangi hufifia, taa za usiku humchoma, lakini hapana maumivu. Basi maji ya majani yatiwayo jichoni hayafiki penye ugonjwa. Huunguza kioo cha mbele, na kovu lake laweza kupofusha kabisa. Hata matone ya dukani hayaondoi ukungu huo.

Dawa yake ni upasuaji. Daktari hulitia jicho ganzi, huitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia, kazi ambayo mara nyingi haizidi nusu saa. Lenzi ya namna hiyo iliwekwa kwanza mjini London mwaka 1949 na Harold Ridley. Yeye aliona ya kuwa vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za vita, vilivyoingia machoni mwa marubani, jicho halikuvikataa.

Zamani wagonjwa waliambiwa wangoje mpaka "mtoto akomae". Siku hizi haihitajiwi. Aende mtu mara kuona kwake kunapomzuia kushona, kuhesabu fedha au kupita njiani salama. Wala asingojewe hata juma moja mtoto mchanga mwenye weupe mbonini, maana ubongo wake usipojifunza kuona mapema, baadaye ni vigumu mno. Vilevile mtu ambaye jicho lamwuma, limekuwa jekundu au limepoteza nuru ghafula: huenda ni presha ya jicho, na nuru iliyopotea kwa ugonjwa huo hairudi.

KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam hutibu macho; walio mbali waanze kwa kuuliza hospitali ya wilaya. Akiisha kupasuliwa, mgonjwa asilisugue jicho, atumie matone aliyopewa, na arudi siku aliyoagizwa, hata kama aona vema.